Msamaha Si Funguo

Wengi mliokuwa kwenye ibada ya pili Jumapili iliyopita mliniomba niyaweke maneno yale kwa maandishi. Na wengine ambao hawakufurahi waliniomba vilevile, ili wapate mahali pa kushika wakinijibu. Nimewaandikia nyote.

Maneno yenyewe yalianza na karatasi. Tangu ibandikwe kwenye mlango wa darasa la watoto, manung'uniko hayajaisha. Karatasi inasema mtu mzima asikae na mtoto peke yake mahali palipofungwa. Mwalimu asiwasiliane na mtoto kwa simu kisirisiri, bali kupitia kwa mzazi. Anayetaka kuhudumu na watoto alete cheti cha tabia njema cha polisi, alete watu wawili wanaomjua vizuri, na akae nasi miezi sita kabla ya kukabidhiwa darasa. Halafu kuna mstari wa mwisho: mtu aliyewahi kumdhuru mtoto hatahudumu na watoto tena, hata kama ametubu.

Ni huo mstari wa mwisho uliowasha moto. Ndugu mmoja ninayemheshimu, anayeijua Biblia kuliko wengi wetu, alinishika mkono pale nje akaniuliza: "Mchungaji, sisi tunahubiri kwamba damu ya Yesu inaosha. Sasa hapo kwa mlango tumeandika kwamba haioshi?"

Hilo ni swali la kweli, na sitalijibu kwa kusema ati serikali inataka. Kama Neno linasema mtu huyo arudi darasani, basi karatasi itolewe leo, serikali ipende isipende. Kwa hivyo tuangalie kama Neno linasema hivyo.

Ndugu yangu alinitajia sabini mara saba. Ni Mathayo 18, na Petro ndiye aliyeuliza. Lakini sura hiyo haianzii hapo. Inaanza na Yesu kumwita mtoto mdogo na kumsimamisha katikati ya watu wazima waliokuwa wakigombania ukubwa. Kisha anasema maneno makali kuliko karibu yote aliyowahi kusema: kwamba anayemkosesha mmoja wa wadogo hawa, ingekuwa nafuu kwake afungiwe jiwe kubwa la kusagia shingoni na kutoswa baharini. Anazungumza juu ya kondoo mmoja aliyepotea, anaeleza jinsi ya kumwendea ndugu aliyekosa, na mashahidi, na kanisa kuambiwa. Ndipo Petro anauliza habari ya kusamehe. Msamaha na jiwe la kusagia viko katika sura moja, vimetoka kinywa kimoja, na aliyevisema hakuona kwamba vinagombana. Sisi ndio tumezoea kusoma sura hiyo kuanzia katikati.

Sasa vinakaaje pamoja? Hebu tuchukue mfano wa chama, maana karibu kila mama anayesoma hapa ana chama. Mweka hazina amekula pesa. Amekiri, amelia, amerudisha kidogo kidogo kwa M-Pesa mpaka shilingi ya mwisho. Mtamsamehe. Mtaenda kwake kunywa chai, akifiwa mtachanga. Lakini mwaka mpya ukianza, mtampa tena kile kitabu na ile simu ya chama? Hamtampa. Na hakuna mama hata mmoja atakayesimama aseme hamna imani na damu ya Yesu. Mnajua, bila kufundishwa na mchungaji, kwamba kumsamehe ni jambo moja na kumrudishia funguo ni jambo lingine. Msamaha unahusu deni la jana. Funguo zinahusu pesa za kesho, na hizo pesa ni za watu ishirini.

Hapo ndipo ninapoona kiini cha jambo hili. Mtu akiniibia mimi, kisha nikaamua kumkopesha tena, huo ni ukarimu wangu. Akitoroka, nimepoteza changu. Lakini nikichukua pesa za jirani yangu nikamkopesha yule aliyeniibia, huo hauitwi ukarimu, hata kama nimeufanya kwa moyo safi na machozi machoni. Tunapomrudisha mtu aliyemdhuru mtoto kwenye darasa la watoto, tunajisikia watu wa neema. Haya, neema hiyo inalipiwa na nani? Si mimi. Mimi ni mtu mzima mwenye ndevu nyeupe, hakuna atakachonifanya. Anayelipa ni mtoto wa miaka sita ambaye hakuulizwa, hakualikwa kwenye kikao cha wazee, na hajui hata kwamba kuna jambo limeamuliwa juu yake.

Na kuna lingine. Mwenye kusamehe ni nani? Wazee wa kanisa wanaweza kumpokea mtu aliyetubu mbele za Mungu, na ni kazi yao kumpokea. Lakini jeraha ni la mtoto. Hatuwezi kulisamehe kwa niaba yake, na mbaya zaidi ni kumketisha mtoto mbele ya watu wazima na kumwambia aseme "nimekusamehe, uncle" ili sisi tufunge faili. Nimewahi kusikia kanisa fulani likifanya hivyo na kupiga makofi. Sijui walikuwa wakimshangilia nani.

Maandiko yanajua tofauti hii. Musa alikuwa rafiki wa Mungu, na alipokosa kule Meriba hakutupwa. Alikufa akiwa mtumishi wa Bwana na Bwana mwenyewe akamzika. Lakini Kanaani hakuingia, ingawa aliomba. Yohana Marko aliwaacha Paulo na Barnaba safarini, na safari iliyofuata Paulo akakataa kabisa kwenda naye, mpaka mitume wawili wakaachana kwa ajili hiyo. Baadaye sana, karibu na mwisho wa maisha yake, Paulo anaandika aletewe Marko kwa kuwa anamfaa. Kwa hivyo ndiyo, kuna watu wanaorudishiwa kazi baada ya muda. Lakini kosa la Marko lilikuwa kurudi nyumbani. Hakumgusa mtoto wa mtu. Msichanganye hayo mawili.

Sasa swali la pili, ambalo limetoka kwa walimu wenyewe: "Kwani mnatushuku?" Mwalimu mmoja aliyefundisha watoto wetu kwa miaka mingi aliona uchungu kuambiwa alete cheti, na ninauelewa uchungu wake. Nimjibu kwa mfano wa sadaka. Kila Jumapili kapu la sadaka likitoka madhabahuni halibebwi na mtu mmoja. Linahesabiwa na watu watatu, wanaandika, wanatia sahihi, na benki haitoi chochote bila sahihi mbili. Tumefanya hivyo miaka yote na hakuna mhudumu aliyewahi kulia kwamba tunamshuku. Paulo alipokuwa akisafirisha mchango wa watakatifu, 2 Wakorintho 8, hakuubeba peke yake. Alitaka watu wengine wawepo ili asilaumiwe na yeyote. Naye alikuwa Paulo.

Kwa maneno mengine, noti ya shilingi hamsini katika kanisa hili imelindwa kuliko mtoto. Noti ina watu watatu na daftari. Mtoto alikuwa na mtu mmoja na pazia. Huo ndio ukweli wa jinsi tulivyokuwa tumepanga mambo, na ninafikiri mwalimu yule akiutazama hivyo, uchungu utageuka kuwa jambo lingine. Torati yenyewe iliamuru, Kumbukumbu la Torati 22, kwamba anayejenga nyumba mpya aweke ukuta mdogo kuzunguka dari, mtu asije akaanguka. Hakuna mgeni aliyewahi kupanda juu ya nyumba ya Mwisraeli akaona ule ukuta akauliza, "Kwani mnadhani nimekuja kujirusha?"

Lakini wapo wanaosema: hayo hutokea kwingine, kwa watu wasiookoka. Utafiti wa kitaifa wa Kenya juu ya ukatili dhidi ya watoto uliofanywa mwaka wa 2019 uliwauliza vijana wa miaka 18 hadi 24 yaliyowapata utotoni. Karibu wasichana 16 kati ya kila 100, na wavulana zaidi ya 6 kati ya kila 100, walikuwa wamepitia ukatili wa kingono kabla ya kufika miaka 18. Utafiti kama huo wa 2010 ulikuwa na hesabu kubwa zaidi, kwa hivyo tumshukuru Mungu kwa kilichopungua. Lakini hesabu safu za kwaya ya vijana Jumapili ijayo, kisha uniambie kama hayo ni mambo ya kwingine. Na mara nyingi anayefanya hivyo ni mtu ambaye mtoto anamjua na anamsalimu kila siku.

Biblia haikutuficha hili. 2 Samweli 13 ni sura ambayo hatuihubiri, na nimeihubiri kwa makusudi. Soma polepole uone jinsi jambo lilivyopangwa. Amnoni anamtaka Tamari, dada yake kwa baba. Ana rafiki mwerevu, Yonadabu, binamu yake, anayempa mpango: jifanye mgonjwa. Mfalme Daudi anakuja kumwona mwanawe, naye anaomba Tamari aje ampikie mikate mbele ya macho yake. Na ni nani anayemtuma Tamari? Ni baba yake mwenyewe. Daudi hakujua. Wazazi wengi hawajui. Humtuma mtoto kwa mtu wanayemwamini, kwa kazi nzuri: nenda kwa mazoezi ya nyimbo, nenda ukasaidie kupanga viti, nenda uncle amekuitia vitabu.

Kisha, kabla ya chochote, Amnoni anatoa amri moja: watu wote watoke. Hiyo ndiyo hatua ya kwanza kila mahali. Mikate imeiva, haili, anataka nyumba iwe tupu. Laiti mtumishi mmoja tu angekataa kutoka! Karatasi yetu mlangoni, ile amri ya watu wazima wawili, ni huyo mtumishi mmoja anayekataa kutoka.

Tamari hakunyamaza. Alisema hapana, alieleza kwa nini, alimwonyesha njia nyingine, akamsihi. Ninasema hivyo kwa ajili ya wale ambao bado huuliza msichana alikuwa amevaa nini. Na baada ya tendo, alitoka akirarua vazi lake, majivu kichwani, akilia kwa sauti njiani. Kila mtu alisikia. Ndipo familia ilipoanza kufanya yale ambayo familia zetu na makanisa yetu hufanya hadi leo. Absalomu, ndugu yake wa tumbo moja, alimwambia anyamaze, kwa kuwa huyo ni ndugu yake, asiliweke moyoni. Daudi aliposikia alikasirika sana. Halafu? Geuza ukurasa. Hakuna halafu. Alikasirika, basi. Hakumwita Amnoni, hakumwita Tamari. Tamari akakaa ukiwa katika nyumba ya ndugu yake.

Ukimya ule haukuleta amani. Baada ya miaka miwili Absalomu alimuua Amnoni kwenye karamu ya kukata manyoya ya kondoo. Akakimbia, akarudi, akamwasi baba yake, na Israeli wakapigana wao kwa wao. Wanaosema tunyamaze tusiligawanye kanisa wasome kutoka sura ya 13 mpaka ya 18 waone nini hugawanya. Na kuna neno dogo katika sura ya 14 ambalo hunigusa kila mara: Absalomu alipopata binti alimwita Tamari. Hakuwa amesahau. Aliyemwambia anyamaze ndiye ambaye hakuweza kunyamaza ndani.

Mambo haya hayaishii kwenye Biblia, na hayawakuti maskini tu. Uingereza kulikuwa na wakili mkubwa, mcha Mungu wa kuonekana, jina lake John Smyth. Alisaidia kuongoza kambi za Kikristo za wavulana wa shule. Kuanzia miaka ya 1970 aliwachagua wavulana, akawapeleka kwenye kibanda kilichokuwa katika bustani ya nyumba yake kule Winchester, akawachapa mpaka wakatoka damu, akiwaambia kwamba huo ni utakaso wa dhambi. Mwaka wa 1982 wachache waliokuwa viongozi wa kambi hizo walijua. Iliandikwa ripoti, ikasomwa na watu wachache, ikafungiwa. Polisi hawakuambiwa. Mmoja wa wachungaji waliojua alieleza miaka mingi baadaye kwamba aliona jambo hilo likijulikana litaidhuru sana kazi ya Mungu.

Kazi ya Mungu ililindwa hivi: mwaka wa 1984 John Smyth alihamia Zimbabwe. Alianzisha kambi za wavulana huko. Mwaka wa 1992 kijana wa miaka 16 alikutwa amekufa katika kidimbwi cha kuogelea cha kambi yake. Ni wachungaji wa Bulawayo, ndugu zetu Waafrika kwa wazungu, waliokataa kunyamaza. Walimwomba wakili David Coltart achunguze, naye akaandika ripoti mwaka wa 1993. Smyth alishtakiwa lakini kesi ilivunjika, akahamia Afrika Kusini, akafa Cape Town mwaka wa 2018 bila kuhukumiwa na mahakama yoyote. Uchunguzi uliotolewa na Kanisa la Uingereza Novemba 2024 ulisema waliodhuriwa ni zaidi ya 100, na wengi wao walikuwa huku Afrika. Siku chache baadaye Askofu Mkuu wa Canterbury, Justin Welby, alitangaza kujiuzulu, kwa sababu aliambiwa habari hizo mwaka wa 2013 na hazikufuatiliwa inavyopaswa.

Ninaomba mlitafakari hilo. Kuna watu walikaa chumbani Uingereza wakaamua kwa upole, kwa maombi bila shaka, kwamba aibu ni kubwa mno. Na uamuzi wao ulipanda ndege ukaja kwetu. Nasi tunafanya hivyo hivyo kwa mabasi. Katika kanisa nililokulia, ambalo sitalitaja, mwalimu wa kwaya ya watoto alihamishiwa tawi lingine ghafla, akafanyiwa sherehe ya kumuaga, akapewa sanduku la safari. Sisi watoto tulijua sababu. Watu wazima nao walijua, na kule alikokwenda kulikuwa na kwaya ya watoto.

Kuna andiko moja ambalo hutumiwa kuwanyamazisha watu, nalo ni lile la Zaburi 105 juu ya kutowagusa wapakwa mafuta wa Bwana. Mtu akiuliza juu ya mtumishi, anatupiwa hilo kama jiwe. Sasa tulisome mahali lilipo. Zaburi inawazungumzia Ibrahimu, Isaka na Yakobo walipokuwa watu wachache, wageni, wakihama kutoka taifa hadi taifa bila ardhi. Mungu aliwakemea wafalme kwa ajili yao. Alikemea wafalme kwa jambo gani? Fungua Mwanzo 12 na Mwanzo 20: Farao, kisha Abimeleki, walimchukua Sara, mke wa mtu mgeni asiye na nguvu, wakamwingiza nyumbani mwao. Mungu akaingilia kati. Kwa hivyo andiko hilo lilikuwa onyo kwa mwenye nguvu asimguse asiye na mtetezi. Leo tumeligeuza likawa ngao ya mwenye nguvu. Katika hadithi ile ya Sara, wapendwa, mtoto wa darasa la tatu anasimama mahali pa Sara. Mchungaji, askofu, mwalimu wa kwaya, hata mimi ninayeandika, tunasimama mahali pa mfalme. Na mwaka wa 2023 kule Shakahola, Kilifi, ambako zaidi ya miili 400 ilifukuliwa na mingi ikiwa ya watoto, tuliona mtumishi asiyeulizwa anaweza kufika wapi.

Hapa niseme neno kwa wale wanaoogopa kusingiziwa. Hofu hiyo si ya kipuuzi. Kusingiziwa kupo, Yusufu alifungwa gerezani kwa uongo. Ndiyo maana wazee wetu hawatafanya mahakama. Hatutamwita mtoto mbele ya kamati na kumuuliza maswali, hatutapiga kura kama ni kweli au si kweli. Mwalimu akitajwa, atakaa kando siku hiyo hiyo na wenye kazi hiyo watachunguza. Kukaa kando si hukumu. Ni kweli kwamba anaweza kuwa hana kosa na jina lake likachafuka, na hilo si jambo dogo mtaani kwetu. Akionekana hana hatia, ni wajibu wetu kumsimamisha mbele ya kanisa zima na kusema hivyo kwa kipaza sauti, si kwa kunong'ona. Lakini nikipima makosa mawili, moja la kumkalisha kando mtu asiye na hatia miezi mitatu, na lingine la kumwacha mwenye hatia darasani miezi mitatu, mizani yangu haisumbuki. La kwanza tunaweza kulitengeneza. La pili nimewaona akina mama wa miaka arobaini wakilibeba bado. Tena ile amri ya watu wawili inamfaa mwalimu kwanza. Aliyekuwa na shahidi hasingiziwi kirahisi.

Juu ya sheria niseme kwa ufupi, maana wengi mnaijua nusu. Kwa Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya 2006, mtoto ni yeyote aliye chini ya miaka 18, na hakuna ridhaa ya mtoto. Aliyemnajisi mtoto wa miaka 11 au chini yake hukumu ni kifungo cha maisha. Wa miaka 12 hadi 15, si chini ya miaka 20. Wa 16 hadi 18, si chini ya miaka 15. Tena kesi si mali ya mzazi. Baba hawezi kuiondoa kwa sababu amepewa mbuzi wawili na kuombwa radhi, wala mzee wa mtaa, wala mchungaji. Maslaha ya nyumbani hayana nafasi hapo. Nikisikia mshirika ameketi kwenye kikao cha aina hiyo kwa jina la upatanisho, nitamwomba tuzungumze.

Na mtoto akisema, jambo la kwanza si maombi ya ukombozi. Nasema hivi nikiwa Mpentekoste kamili, ninayeamini katika kuwekea mikono. Jambo la kwanza ni hospitali. Dawa ya kuzuia virusi vya UKIMWI inafaa kuanzwa kabla ya saa 72 kupita, na mapema ndiyo bora. Usimwogeshe mtoto, hata moyo ukikuambia umsafishe. Nguo zake ziweke kwenye karatasi, si mfuko wa plastiki. Hospitali ya serikali inapaswa kumtibu bila malipo, na haipaswi kumrudisha kwa kukosa karatasi ya polisi. Fomu ya P3 itafuata. Nambari 116 ni ya bure, inapokelewa usiku na mchana, na inahusu watoto peke yake. Kisha maombi, ndiyo, na mengi, tukiwa kwenye foleni pale hospitalini pamoja na mama yake. Mwambie mtoto umemwamini na kwamba si kosa lake. Usimuulize "kwa nini hukupiga kelele." Usimfanye ahadi kwamba hutamwambia mtu.

Nyumbani pia kuna kitu. Tumewafundisha watoto kuwaheshimu wakubwa, na ni vizuri. Lakini mtoto akirudi nyuma wakati mgeni anataka kumkumbatia, mbona tunamsukuma mbele? "Msalimie uncle, acha aibu." Mkono unatosha. Mtoto ambaye hakuruhusiwa kukataa kukumbatiwa sebuleni, mbele ya mama yake, atajifunzia wapi kukataa kwenye stoo ya kanisa?

Ndugu yangu aliyeniuliza swali la damu ya Yesu ana haki ya jibu la mwisho, kwa sababu aliendelea kuuliza: sasa mtu huyo, amefungwa, ametoka, ameokoka kweli, aende wapi? Aje hapa. Aje ibada kuu, aketi na wazee wawili waliochaguliwa ambao watajua habari zake, ashiriki Meza ya Bwana, ashikwe mkono, aombewe, akiugua atembelewe. Hatakwenda kambini. Hataenda kwenye ushirika wa nyumbani ambako kuna watoto, tutamtafutia wa wanaume. Hatapita upande wa madarasa. Ndugu yangu aliona hayo ni magumu, na mimi nakubali kwamba ni magumu. Lakini nilimuuliza: mlevi aliyeokoka akikuambia anaomba apewe kazi ya kulinda baa, utamwonea huruma au utaanza kuwa na wasiwasi juu ya wokovu wake? Alicheka, kisha akasema atafikiri. Bado tunazungumza naye.

Kambi ya Agosti iko karibu. Mwaka huu kila basi litakuwa na watu wazima wawili mbali na dereva, mabweni ya wasichana yatakuwa na akina mama na ya wavulana yatakuwa na akina baba, wawili wawili, na hakuna mtoto atakayeitwa kwenye chumba cha mhubiri kwa maombi ya faragha, awe mgeni kutoka wapi. Wazazi, chukueni fomu kwenye meza ya mlango wa kushoto na mzirudishe kabla ya Jumapili ya mwisho ya Julai. Majina ya mama mmoja na mzee mmoja wa kupokea malalamiko yako kwenye ubao wa matangazo pamoja na nambari zao. Hakuna aliye jamaa yangu kati yao, wala jamaa ya askofu. Tuliangalia hilo kwa makusudi, kwa sababu malalamiko yanaweza kuwa juu yetu.